Makinikia, Zebaki na Gongo: Somo la Kidato cha Kwanza Lenye Kazi Sokoni

Machi 2017 Serikali ya Tanzania ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje ya nchi, na kwa miezi kadhaa mchanga huo kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ukatawala Bunge, redio na vijiwe vya kahawa. Makontena 277 yalikwama Dar es Salaam. Mei mwaka huo kamati ya wataalamu chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ilimkabidhi Rais John Magufuli ripoti iliyosema kila tani ya makinikia ilibeba wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi hiyo, ilikana na kushikilia kuwa kiwango ni kama gramu 200. Makontena yakiwa na tani 20 hivi kila moja, hesabu ya upande mmoja ilizaa tani 7.8 za dhahabu na ya upande wa pili tani 1.1.

Mjadala uligeuka upesi kuwa wa nani mzalendo na nani mwizi. Mazungumzo yaliendelea hadi Barrick, kampuni mama ya Acacia, ilipokubali kulipa dola milioni 300 na kuingia ubia na Serikali kupitia kampuni ya Twiga, ambamo Tanzania ina hisa za asilimia 16. Siasa zake zimeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo ni swali lililokuwa chini ya siasa hizo: mchanga ule ni kitu cha aina gani, na mtu anajuaje kilichomo?

Jibu limo katika daftari la kemia la kidato cha kwanza. Dhahabu ni elementi: haivunjiki kuwa kitu kingine, hata ikichomwa, ikisagwa au ikitiwa katika tindikali. Shaba ya makinikia, kwa sehemu kubwa, haimo peke yake. Imeungana na chuma na salfa katika msombo uitwao kalkopairiti, na uwiano wa msombo huo ni uleule, uchimbwe Kahama au Chile. Makinikia yenyewe, yakitazamwa kwa ujumla, ni mchanganyiko: chembe za dhahabu, kalkopairiti, pairiti na mawe ya kawaida vimekaa pamoja bila kuungana. Uwiano wake unaweza kutofautiana kontena kwa kontena, na hata kati ya juu na chini ya kontena moja.

Msombo una fomula, mchanganyiko hauna. Kwa hiyo hakuna kitabu kinachoweza kumwambia mtu kuna dhahabu kiasi gani kwenye makinikia. Ni lazima zichotwe sampuli za kutosha, kwa utaratibu ambao pande zote mbili zimeukubali, kisha zipimwe. Maswali ambayo wananchi walistahili kuyauliza kwa sauti kubwa yalikuwa mepesi: sampuli ngapi, zimechotwa vipi, zimepimwa kwenye maabara ipi, na nani mwingine amezipima? Badala yake wengi walichagua tarakimu kwa kufuata upande walioupenda.

Hapa ndipo ilipo hoja ya makala haya. Somo la elementi, misombo na michanganyiko limefundishwa kwa miaka mingi Tanzania na Kenya kama jambo la kujibia mtihani. Mwanafunzi hutaja tofauti tatu, hutoa mifano miwili, hupata alama zake na kusahau. Ukweli ni kwamba ni mojawapo ya masomo machache ya shule yanayoweza kumlinda mtu sokoni, jikoni na kwenye kituo cha mafuta. Kila moja ya aina hizo tatu inadai swali lake. Mbele ya mchanganyiko mtu huuliza: kwa kiasi gani? Mbele ya msombo: ni upi hasa? Mbele ya elementi: inakwenda wapi?

Tofauti yenyewe haikujulikana tangu zamani. Antoine Lavoisier wa Ufaransa alipochapisha orodha yake ya vitu visivyogawanyika mwaka 1789, aliweka 33, na miongoni mwao akaingiza mwanga na joto, ambavyo si elementi hata kidogo. Leo jedwali la elementi lina 118. Shuleni tofauti huonyeshwa kwa unga wa chuma na unga wa salfa. Vikichanganywa tu, sumaku huchomoa chuma chote na salfa ikabaki. Vikipashwa moto pamoja, hutokea kitu kipya cheusi, salfaidi ya chuma, na sumaku haiwezi tena kukitenganisha. Mchanganyiko umekuwa msombo, na tabia za mwanzo zimepotea.

Tuanze na swali la kiasi, kwa sababu ndilo linalogusa mifuko ya watu kila siku. Petroli, mafuta ya taa na dizeli vyote hutoka katika mafuta ghafi, hutenganishwa kwa kuchemshwa, na kila kimoja ni mchanganyiko wa misombo mingi ya kaboni na haidrojeni. Hakuna hata kimoja chenye fomula moja. Ndiyo maana ni rahisi mno kuchakachua: mafuta ya taa yakimiminwa ndani ya dizeli huyeyukiana nayo bila tabaka, bila mashapo, bila dalili ya kuonekana kwa macho. Dereva hugundua baadaye, pampu ya sindano ikishaanza kulika kwa kukosa ulainishi. Mchezo mwingine ni mbaya zaidi, kwani petroli ikiingia kwenye mafuta ya taa, kibatari au jiko hulipuka.

Tanzania ilijibu mwaka 2010 kwa kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi. Ni kemikali maalumu inayotiwa kwa kiasi kidogo sana. Mafuta yakiongezwa mengine yasiyo na vinasaba, kiwango chake hushuka, na kifaa cha mkaguzi hukiona. Hii ni kanuni ya mchanganyiko iliyogeuzwa kuwa askari: kwa kuwa uwiano hubadilika, upimwe uwiano. Mwaka uliofuata Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua faida ya uchakachuaji. Kenya nayo, Septemba 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Hatua hizo mbili, vinasaba na kodi, zinafanana kwa nia lakini hazifanani kwa haki. Vinasaba humsaka mchakachuaji. Kodi humwangukia pia mama wa kijijini anayewasha koroboi, ambaye hajawahi kuchakachua lolote. Mwananchi anayejua kwamba upimaji unawezekana ana sababu ya kudai upimaji zaidi na tozo kidogo.

Maziwa yako katika kundi hilohilo. Karibu asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji; yaliyobaki ni mafuta, protini, sukari ya laktosi na madini. Lita moja ya maziwa mazuri ina uzito wa takriban kilo 1.03, na laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea, huonyesha mara moja iwapo maji yameongezwa. Wajanja nao husoma. Maji yakishusha uzito, huongeza sukari au unga ili kuurudisha. Basi kipimo kimoja hakitoshi, na kituo cha kukusanyia maziwa kinachotegemea laktomita peke yake kinaweza kudanganywa.

Na chumvi? Fuwele zake ni msombo safi wa kitabuni, sodiamu na klorini, kila gramu 100 zikiwa na takriban gramu 39 za sodiamu. Lakini pakiti ya dukani iliyoandikwa "ina madini joto" ni mchanganyiko, kwa kuwa imenyunyiziwa msombo mwingine wenye iodini, makumi machache tu ya miligramu kwa kilo. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachozuia goita na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa sababu ni mchanganyiko, iodini inaweza kuwa nyingi upande mmoja wa gunia na kukosekana upande mwingine ikiwa unyunyiziaji ni wa kubahatisha, na inaweza kupotea chumvi ikiachwa wazi kwenye unyevu na jua. Mnunuzi wa chumvi ya kupimiwa kwa kikombe kutoka kwenye beseni la barabarani anapata sodiamu na klorini bila shaka yoyote. Iodini hana hakika nayo.

Swali la pili, la msombo upi hasa, ni la uhai na kifo. Katika misombo uwiano haujadiliwi. Atomi moja ya kaboni ikiungana na mbili za oksijeni hutoa kaboni daioksaidi, gesi iliyomo kwenye soda na katika pumzi ya kila mtu. Kaboni ileile ikiungana na atomi moja tu ya oksijeni hutoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Jiko la mkaa likiingizwa chumbani usiku wa baridi na mlango ukafungwa, hewa hupungua, mkaa hauungui kikamilifu, na gesi hiyo hujaa. Watu huamini hatari ni moshi, kwa hiyo husubiri mkaa ukolee na moshi uishe ndipo waliingize ndani. Mkaa uliokolea ndio unaoendelea kuitoa gesi hiyo kimyakimya.

Ukatili huohuo umo kwenye pombe haramu kama gongo. Ethanoli, pombe ya kawaida, ina atomi mbili za kaboni. Methanoli, pombe ya viwandani, ina moja. Kwa macho na kwa pua mnywaji hawezi kuzitofautisha. Mwilini, methanoli hubadilishwa kuwa asidi ya fomiki, asidi hiyohiyo ya baadhi ya sisimizi, na mshipa wa fahamu wa jicho ndio huanza kufa. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa tena katika kaunti kadhaa za Kenya, na wengine wakapofuka. Kila mara lawama huelekezwa kwenye "pombe kali mno". Maelezo hayo ni ya hatari, kwa sababu humfanya mnywaji aamini kwamba akipunguza kipimo atasalimika. Methanoli si ethanoli iliyozidi makali. Ni kitu kingine kabisa, na kiasi cha kijiko au viwili kinatosha kumpofusha mtu mzima.

Jikoni na chooni vitu vipya huzaliwa pia bila kualikwa. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita jiki, ikichanganywa na dawa ya choo yenye tindikali kwa matumaini ya kupata usafi maradufu, hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Aliyefanya hivyo alidhani anatengeneza mchanganyiko. Alikuwa anaendesha mmenyuko. Hakuna somo la usafi wa nyumbani linalokamilika bila tahadhari hiyo, lakini ni wasichana na wavulana wangapi wa kazi za ndani wamewahi kuelezwa?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Elementi haiharibiki, kwa hiyo ni lazima iwe imekwenda mahali. Katika mialo ya wachimbaji wadogo wa Geita, Kahama, Chunya na Migori, mawe husagwa kwenye karasha, huoshwa, kisha zebaki huongezwa ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haianzi hata kuyeyuka mpaka nyuzi 1,064. Moto hufukuza moja na kubakiza nyingine. Mchimbaji huona zebaki "imeisha".

Haijaisha. Imeingia kwenye mapafu yake, kwenye paa la nyumba, kwenye udongo, na mvua ikinyesha, kwenye mto. Huko bakteria huigeuza kuwa msombo wa methili zebaki, ambao hujilimbikiza ndani ya samaki na kupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, kisha hadi kwa mlaji. Msombo huo ndio uliowalemaza watu wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda kumwaga taka zake ghubani. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, umepewa jina la mji huo. Uchimbaji mdogo wa dhahabu unachangia zaidi ya theluthi moja ya zebaki ambayo binadamu huirusha hewani duniani kote. Retoti, chungu kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke, huikamata zebaki hiyo ikarudi kuwa kimiminika na kutumika tena. Kifaa hicho si cha ajabu wala si ghali kulinganisha na dhahabu inayopita humo. Kinachokosekana ni watu kuamini kwamba kisichoonekana bado kipo.

Zebaki hiyohiyo hurudi mjini ndani ya kopo la mkorogo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa nayo katika umbo la misombo, na lebo zinaweza kuitaja kwa majina ambayo mnunuzi hayajui, kama "calomel". Figo hazijali jina.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya maabara, na kwamba mwananchi wa kawaida hana mizani wala kemikali za kupimia. Ni kweli kwa sehemu, na vipimo vya nyumbani vinavyosambazwa kwenye simu vinathibitisha hilo. Kuwasha njiti ya kibiriti iliyochovywa kwenye asali, kudondosha asali majini, kutazama kama sisimizi wanaikimbia: hakuna hata kimoja kinachoaminika kutofautisha asali na shira ya sukari iliyopikwa vizuri. Lakini kuuliza hakuhitaji maabara. Anayenunua mkufu anaweza kumuuliza sonara kuhusu alama ya 750, inayomaanisha sehemu 750 za dhahabu kati ya 1,000, yaani karati 18, na kukataa maneno matupu ya "dhahabu safi kabisa". Anayenunua krimu anaweza kuirudisha rafuni ile isiyoorodhesha viambato.

Kinachowaangusha wengi ni neno moja la matangazo: "haina kemikali". Bidhaa isiyo na kemikali haipo, kwa sababu maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na harufu ya mdalasini ni kemikali. Wala asili ya kitu haikihakikishii usalama. Mfaransa Joseph Proust alionyesha miaka ya mwisho ya karne ya 18 kwamba kaboneti ya shaba iliyotoka ardhini na ile aliyoitengeneza mwenyewe zina uwiano uleule wa shaba, kaboni na oksijeni. Vitamini C ya chungwa na ya kidonge ni msombo mmoja. Kinachotofautiana ni vitu vingine vinavyoandamana nao, yaani mchanganyiko. Muuzaji wa dawa ya mitishamba anayetangaza "asilia asilimia mia" hajajibu swali lolote kati ya yale matatu. Hajasema mna nini, kiasi gani, wala mwili utakitoa vipi.

Kwa hiyo kuna mambo yanayopaswa kufanywa, na hayahitaji bajeti kubwa. Mitaala mipya inayosisitiza umahiri, Tanzania na Kenya, iwapeleke wanafunzi kwenye kituo cha maziwa wakashike laktomita, na iwaweke mezani pakiti ya chumvi, kopo la krimu na chupa ya jiki badala ya kuwakaririsha mifano ya kitabuni. TBS na KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, pamoja na Mkemia Mkuu wa Serikali, wachapishe matokeo ya vipimo vyao kwa Kiswahili, bidhaa kwa bidhaa, mahali ambapo mnunuzi anaweza kuyasoma kabla ya kulipa. Sera ya madini iweke retoti mbele ya leseni: mwalo usio na retoti usichome dhahabu.

Na mgogoro mwingine wa madini utakapokuja, kwa kuwa nikeli, shaba na grafiti zinaendelea kutafutwa kwenye ardhi hii, wabunge na waandishi wa habari waanze na utaratibu wa sampuli kabla ya kupokea tarakimu ya upande wowote. Kwa msomaji kazi inaweza kuanza leo: ageuze pakiti iliyo jikoni kwake, asome kilichomo na kiasi chake, na kama lebo haisemi, amuulize muuzaji.